Ini la Panya na Langu

Mke wangu mdogo, mjukuu niliyekulea,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikusomewa. Unasema ini la panya wenu wa maabara huikatakata sumu ya tumbaku ili itoke na mkojo, ila hukohuko kwenye kukatwa ndiko nyingine inakopata makali. Pole yao. Mimi si panya. Ugoro nimeuweka mdomoni tangu ujana, na bado kwa kupasua kuni nawashinda baba zako.

Paa nimeliziba. Kuku wako mweupe anaatamia.

Kuna kidonda pale pa ugoro, hakiponi. Daktari wa hapa nimemkatalia kufungua mdomo. Wewe nitakufungulia. Njoo kabla vifaranga hawajatoka. Kopo la ugoro nimelisugua, kuku ananywea maji.

Ni mimi mumeo, simba wa nyumba hii.