Jaketi Lililomkaa Vizuri

Padova, Alhamisi jioni

Mama mpendwa,

Kwanza naibusu mikono yako, yote miwili, na hasa ule wa kulia unaokuuma mvua ikikaribia. U hali gani? Mguu umepungua kuvimba, au bado unajitia ushujaa na kushuka bustanini? Na ng'ombe wetu Joiana je, anakubali kukamuliwa tangu azae, au bado anaipiga ndoo mateke? Msalimie jirani Parascovia, umwambie asikuache ubebe maji peke yako. Sisi tumefika salama. Watoto wote wa kwaya ni wazima, ingawa wako wawili watatu ambao ningewaacha Hungary kwa moyo mweupe. Nakuandikia leo leo kwa sababu dereva wa basi la vifurushi anaondoka Jumapili kuja huko, na pia kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kulala nalo.

Safari ilikuwa ndefu, na basi lilinuka mikate yako ya plachinta yenye jibini, na matapishi. Usicheke. Doina, yule binti mdogo wa Grigore, alianza kutapika mara tu tulipovuka mpaka, tena juu ya koti lake la pekee. Aurica ndiye aliyemshika kichwa na kumpangusa mdomo kwa leso uliyompigia pasi. Unamjua mjukuu wako, hasemi sana lakini mikono yake haitulii. Njia nzima aliniuliza jambo moja tu, kama mama yake bado ana nywele nyeusi ndefu. Nilimjibu kwamba mimi pia sijamwona dada Galina tangu alipoondoka, asinisumbue. Nilikuwa mkali kwa sababu na mimi nilikuwa na hofu. Wewe uliniambia jikoni, ukikanda unga, kwamba wengine waende Italia kuimba na kutazama makanisa, lakini Aurica ana kazi moja tu huko, kuonana na mama yake. Mtoto aliachwa ana miaka minne, sasa ana kumi, na Galina hana vibali, akitoka hawezi kurudi. Lakini wa kusubiri hakuwa Aurica peke yake. Nusu ya kwaya yangu mama zao wako huku, wanatunza wazee wa watu.

Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho, kabla ya kuingia mjini, wasichana walikimbilia msalani bila kuagizwa, wakaanza kusukana. Choo kiligeuka saluni. Kila mmoja akatoa begini kitu alichotumiwa na mama yake kwa basi la vifurushi, huyu viatu, yule sketi, mwingine kibanio cha nywele. Walitaniana sana. Liuba alimwambia mwenzake eti ajipulizie marashi chupa nzima akitaka, mama yake ataanza na kumkagua masikio tu. Hapo ndipo Aurica alipotoa lile jaketi jekundu ambalo Galina alimtumia wakati wa Pasaka.

Mama, wewe na mimi tunajua habari za jaketi lile. Mikono yake inamwishia chini kidogo ya kiwiko, na zipu haifungi hata avute pumzi. Lakini Galina alipopiga simu ulimwambia limemkaa vizuri kana kwamba mtoto alipimwa na fundi, na Aurica akapokea simu akasema vivyo hivyo. Viatu vya mwaka juzi tulivisema hivyo hivyo, na gauni lililotangulia pia. Hatukutaka kumvunja moyo mtu anayekatisha usingizi wake kila siku kumgeuza bibi wa watu kitandani. Basi Aurica alilitazama jaketi, akamtazama Doina aliyekuwa akitetemeka na kiblauzi chake, akamvalisha. Doina lilimkaa vizuri kabisa. Aurica akabaki na sweta uliyomfumia wewe.

Tulifika mchana. Alhamisi wanawake wetu huku hupewa nusu siku ya kupumzika, kwa hiyo walikuwa wamejaa kwenye ukuta wa kanisa, mifuko mkononi, wamevaa nguo zao nzuri. Galina nilimtambua kwa mwendo. Amekonda, nywele amezikata na kuzitia rangi ya njano. Mlango wa basi ulipofunguka alikuwa wa kwanza kukimbia. Aliita kwa sauti, Aurica wangu, roho ya mama, akapiga magoti kwenye lami, akamkumbatia Doina.

Sijui nikuelezeje, Mama. Alimbusu macho, akambusu vidole, akalia huku akisema amekuwa mkubwa, mama yuko hapa, mama haendi popote. Na Doina, ambaye mama yake alikwenda Moscow akapotelea huko bila hata simu, alimzungushia mikono shingoni, akafumba macho. Wanawake wengine waliokuwa karibu walikuwa wanalia kwa furaha. Mimi nilisimama kwenye ngazi ya basi. Mwishowe nilishuka nikamgusa bega, nikamwambia polepole kwamba huyo ni Doina wa Grigore.

Aliinua uso. Laiti yangekuwa makosa ya haraka tu, tungecheka yakaisha. Lakini aliwatazama wasichana waliosimama mbele ya basi, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yakampita Aurica, yakarudi, yakampita tena. Hakumjua. Alikuwa anamtafuta mtoto wa miaka minne. Hapo Aurica, aliyekuwa nyuma amebeba mabegi mawili, lake na la Doina, akayaweka chini, akanyoosha mkono juu, kama anavyofanya darasani ninapoita majina.

Nililia pale pale, mwalimu mzima, mbele ya padri wa watu.

Baadaye tulikwenda watatu kula aiskrimu. Galina alicheka kwa sauti kubwa mno, kisha akanigeukia akanifokea kwamba wa kulaumiwa ni sisi, kila siku limemkaa vizuri, limemkaa vizuri, kumbe tunamfanya mjinga! Alisema alichagua jekundu makusudi ili amwone mwanawe kwa mbali. Nikamjibu kwamba watoto hukua, hata kama yeye hayupo. Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Aurica ndiye aliyetutuliza, wazee wawili. Alimwambia mama yake si neno, hata yeye asingemtambua, kwa ajili ya zile nywele. Kila alichoulizwa alijibu kwa adabu, ndiyo mama, hapana mama, ahsante mama, kama anavyomjibu daktari.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kabla hajarudi kwa yule bibi anayemtunza, Galina alinivuta pembeni akaniambia kwamba Aurica hakuja kutembea. Wewe na yeye mlipanga tangu Pasaka kwamba mtoto abaki. Bibi yule amekubali walale chumba kimoja, na mambo ya shule atayatafuta. Damu ilinichemka, Mama. Nilitia saini mbele ya mkuu wa shule kwamba kila mtoto atarudi, na wewe ulikuwa umesimama pale pale ukiniangalia. Lakini Galina alisema pia kwamba, baada ya yaliyotokea leo, hana uso wa kumwambia mtoto abaki. Akaniomba nimuulize mimi.

Tuliporudi kwenye ukumbi tunamolala, nilifungua begi la Aurica kutafuta nguo za kulalia. Chini kabisa nikakuta cheti chake cha kuzaliwa, na viatu vya baridi, na sasa ni Mei. Nilivigeuza nikatazama nyayo. Ni vikubwa kidogo, vya kumfaa ifikapo Desemba. Wewe unaujua mguu wake. Sasa nimeelewa kwa nini asubuhi ya safari hukutoka getini kutupungia, ukasema unamkamua Joiana, na mimi nilikuwa nimeshamkamua.

Nilimuuliza Aurica kama anataka kubaki na mama yake. Alikwenda kitandani kwa Doina, akamwomba lile jaketi. Doina alilivua taratibu, akamrudishia. Aurica akalivaa, mikono ikaishia pale pale inapoishia siku zote. Nilimwambia alivue, litachanika, tena humu ukumbini hakuna baridi. Akanijibu kwamba kesho mama anakuja, na atakuwa anatafuta jekundu.

Viatu nimevirudisha ndani ya begi, Mama, atavihitaji huku. Mkuu wa shule nitamkabili mwenyewe.

Nisalimie Parascovia na wote wanaoniulizia. Usikae peke yako jioni, mwite aje mnywe chai. Aurica anakubusu, anasema umwambie Joiana asipige ndoo mateke. Nami naibusu mikono yako tena, na sina hasira.

Binti yako,
Raisa