Uso Mmoja wa Jano

Kapua, nyuma ya soko la samaki,
Desemba, sikukuu ya Saturno imepita.

Mpendwa mjukuu wangu Numeri, mume wangu wa uzeeni,

Jeshi lilikuandikisha au lilikumeza? Nasikia huko mpakani mnajenga barabara kila siku. Hakuna hata moja inayokuja kwa bibi yako?

U mzima? Uji wao tumbo linaukubali? Miguu umeifunga sufu? Mimi ni mzima, ila magoti, na hasira. Nasema mimi, anaandika Trifo wa sokoni. Nimemwonya asinilainishie neno hata moja.

Unaikumbuka ile sarafu ya shaba ya marehemu babu yako, ile nzito, mungu Jano na nyuso zake mbili, nyuma yake omo, ile pua ya mbele ya merikebu? Kila Mwaka Mpya tuliipaka asali tukaiweka kizingitini. Babu akisema uso mmoja unawatazama waliokwenda, mwingine unamtazama anayekuja. Aliniachia nikupe mkononi siku utakayorudi.

Mama yako ameikata! Chenji imeadimika, watu wanapasua shaba za zamani kwa tindo kama jibini. Nusu kampa muuza samaki, kwa dagaa!

“Safinia, una akili wewe?” nikamuuliza mama yako.

“Mama, si tumebaki na nusu?”

“Haya, nikupasue na wewe, nusu ipike, nusu ikachote maji!”

Akacheka, kisha akalia. Nikashika fimbo hadi kwa muuza samaki. Ile nusu aliyopewa alishampa mtu wa mkokoteni, naye kaondoka kwenda Roma. “Bibi, shaba haina miguu lakini inakimbia,” ananiambia. Nikamwambia samaki wake wananuka. Na kweli wananuka.

Shaba si kitu, Numeri. Tindo lilipita katikati ya nyuso. Nimebaki na mmoja, sijui ni upi: unaomtazama babu yako, au unaokutazama wewe. Naugeuzageuza, ndevu ni zilezile, haunijibu.

Mama yako anakusalimu. Usimkaripie, hao dagaa alinipikia mimi. Dada yako Pakia ni mjamzito, anakusalimu kwa kutapika. Jano akufungulie kila mlango, awafungie adui zako nyuma yako.

Wako akupendaye hata akikufokea,
Bibi Vibia

Ukija, usipitie uani kama mwizi wa tini. Pita mlango wa mbele, polepole. Nusu yangu itakuwa kizingitini, nami kando yake. Ukikanyaga tu hapo, nitajua nilibaki na uso upi.