Sifuri, Mbingu Safi

Jumanne, 5 Agosti

Siku tulivu maktabani. Mhadhiri wa kilimo alikuja kulalamika: kila asubuhi anafungua tovuti kumi kuona kama kuna jipya. Nikamwonyesha fidi. Unajiandikisha mara moja tu, kisha tovuti ikiweka kitu kipya kinakufuata chenyewe kwenye simu, vyote mahali pamoja. "Kumbe! Kama kuletewa maziwa mlangoni." Ndiyo, mwalimu. Nikamwongezea na fidi yetu ya vitabu vipya. Akaondoka anatembea kama kijana.

Mimi ya kwanza kufungua kila asubuhi ni fidi ya Baba. "Mvua: sifuri. Mbingu safi." Hapo najua ameamka, ametoka uani, ameisoma glasi yake ya kupimia mvua. Mpima ardhi hastaafu! Mkataba aliutamka Baba mwenyewe, Mama alipofariki: kipimo kikifika, asipigiwe simu kuulizwa ameamkaje. Kisipofika, Kaka aje amchukue na mizigo yake. Kaka chumba anacho tayari. Amekipaka rangi.

Cha leo kimefika. Nimekunywa chai yangu kwa amani.

Jumatano, 6 Agosti

Ajabu. Mfyatua matofali, jirani yake Baba, amenipigia kazini. Mimi ndiye niliyemuunganisha na ile fidi, maana kazi yake na mvua haviivi chungu kimoja. "Dada, mtambo wako umekufa? Mvua imepiga usiku kucha, matofali yangu mabichi yamegeuka uji, na mzee kaandika sifuri! Au ile mvua ilikuwa yangu peke yangu?"

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Nilidhani simu inaonyesha ya jana. Hapana — tarehe ni ya leo. Nikarudi nyuma, siku moja moja. Zamani Baba alichapisha saa kumi na mbili na ushei, saa moja kasorobo, magoti yakimsumbua hata saa mbili. Sasa, wiki kadhaa mfululizo: saa kumi na mbili kamili. Kamili! Hakuna mwenye magoti mabovu anayechapisha hivyo.

Tovuti nilimtengenezea mimi, nywila ninayo. Nikaingia. Sifuri zimepangwa foleni mpaka mwisho wa mwezi, kila moja na tarehe yake, zinangoja kujituma zenyewe. Ya kesho ipo tayari. "Mbingu safi."

Kumbe muda wote huo nimekuwa nikituliza moyo kwa saa ya kompyuta.

Nikampigia. Mkataba na uvunjike! Akapokea upesi, sauti nzito, salama. "Nani amekufa?" Hakuna, Baba. "Sasa unapigia nini?" Nikasema nimemkumbuka tu. "Basi nikumbuke jioni, simu ni nafuu." Akakata.

Yu mzima. Kwa nini basi?

Alhamisi, 7 Agosti

Sifuri nyingine. Mfyatua matofali anasema yalikuwa manyunyu. Nimemwandikia Kaka ujumbe, nikaufuta. Nimeomba ruhusa kazini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefika kwa Baba alasiri. Hakushangaa — hilo ndilo lililonishangaza. Nyumba imefagiwa. Lakini sukari iko dirishani na chumvi iko juu ya kabati, zimetengana kama waliogombana. Akanimiminia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Aliacha alipoisikia, si alipoiona.

Nikamuuliza habari za sifuri. Akajibu: "Ile glasi imeingia ukungu." Nikatoka uani. Glasi ni safi, mistari yake nimeisoma bila hata kuinama. Nikarudi, nikaketi karibu naye. Akasema yeye. "Kiangazi ni sifuri kila siku, mwanangu. Nilikuwa naandika ukweli mapema tu."

Macho. Tangu lini? Tangu herufi za gazeti zilipoanza kuogelea. Na daktari? "Daktari atamwambia kaka yako." Nikasema chumba cha Kaka ni kizuri. "Najua. Amekipaka rangi. Hata jela hupakwa rangi."

Tukacheka wote wawili. Haikusaidia kitu.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumezungumza kutwa, kwa vipandevipande, kati ya kupika na kuanua nguo. Jumatatu tunakwenda hospitali. Amekubali, ila kwa sharti: Kaka asijue mpaka daktari aseme neno. Huenda ni mtoto wa jicho tu, wanamtoa, yamekwisha. Huenda siyo.

Zile sifuri zilizokuwa foleni nimezifuta zote. Hilo hakulitilia sharti. Hata aliona haya. "Mpimaji anayekisia," alisema, "afadhali apige ramli."

Kaka si mtu mbaya. Tangu Mama aondoke hajalala usingizi wa maana. Ndiye aliyekaa na simu mkononi kila alfajiri mpaka nilipomuunganisha na fidi. Tena nilimwambia: hii haidanganyi.

Jumapili, 10 Agosti

Mvua usiku, ya haja. Asubuhi Baba ametoka na kurudi na glasi, ameishika kwa mikono miwili. Akaninyooshea. Nikaisoma.

"Kumi na nne," nikasema.

"Na nusu?"

"Bila nusu."

"Mawingu?"

"Mazito upande wa barabarani. Huku kwetu yanafunguka."

Akaketi, akaandika mwenyewe. Vidole vinaijua njia. Akachapisha. Kila neno ni kweli tupu — na bado nimeshindwa kumaliza mkate wangu.

Simu imelia sasa hivi, naandika hapahapa mezani. Kaka. Furaha tele! Umeona? Kumi na nne! Mzee bado ni chuma, mimi nahangaika bure. Nikasema nimeona. Akauliza: "We, mbona nasikia jogoo? Siku hizi ghorofani kwenu mnafuga?"

Nimemwambia asubiri kidogo. Simu nimeilaza kifudifudi pembeni ya daftari. Hajakata.

Baba ameacha kukoroga chai. Ananitazama — au anatazama pale sauti yangu ilipotokea.