Wagonjwa Wangu Wanakoroma Lakini Hawaponi

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wagonjwa wangu wamepona na hakuna hata mmoja aliye tayari kukiri.

Mimi ni mhitimu wa shahada ya tiba ya viungo, daraja la kwanza, na kwa miezi miwili sasa nimo katika mkataba wa majaribio kwenye zahanati ya chuo, ambako nimekabidhiwa wanafunzi ishirini na mmoja waliopoteza usingizi kwa sababu ya mitihani, simu na mapenzi, nami huwatibu kwa njia mbili, yaani kuwakanda shingo, mabega na mgongo, na kuwafundisha kuvuta pumzi puani hadi tumbo lipande, kisha kuitoa mdomoni polepole kuliko ilivyoingia, na kwa kuwa nilitaka kazi yangu ifuate utaratibu wa kitaalamu, niliandika tangazo, nikalitia kwenye fremu na kulitundika mlangoni: "Atakayelala vizuri usiku saba mfululizo atahesabiwa amepona, na atampisha mwenzake kitandani."

Mshauri, tangu siku hiyo hajapona mtu.

Kila mmoja hujaza fomu ya usingizi, na kila fomu hurudi na sifuri. Kinara wao ni kijana wa uhandisi ambaye wenzake humwita Profesa. Yeye hupanda kitandani saa nane mchana, na kabla sijafika bega la pili huwa anakoroma kiasi kwamba juzi mama wa usafi aligonga mlango akauliza kama friji ya dawa imeharibika. Nilipomwamsha, shavu likiwa na mistari ya mto, alinitazama kwa huzuni akaniambia kuwa tangu jana hajafumba jicho. Nilimkumbusha kwamba amekoroma dakika arobaini. Akadai alikuwa anafanya zoezi la pumzi. Nikapendekeza basi aendelee na pumzi peke yake, bila kukandwa, naye akanijibu kwa upole, "Bega langu halisikii maneno, daktari. Linasikia mikono."

Naungama kwamba mimi si daktari na sijawahi kumsahihisha anayeniita hivyo. Naungama pia kwamba nikisikia mkoromo hujihisi kama ninayepigiwa makofi, na ndiyo maana nimeshindwa kumwondoa hata mmoja, ilhali orodha ya wanaosubiri imefika majina arobaini, akiwamo binti wa mwaka wa kwanza anayekuja kila siku kuulizia nafasi, macho yakiwa mekundu, ambaye wiki iliyopita aliingia darasa lisilo lake, akaitikia jina la mtu mwingine na kumfanyia jaribio lake lote.

Jumatatu ijayo mkuu wa zahanati atapokea ripoti yangu. Ameshanieleza kwamba pasipo aliyepona, chumba kitarudi kuwa stoo ya viti vibovu, nami nitarudi nyumbani, ambako mama ameshawatangazia majirani kuwa mwanawe ni bingwa wa shingo. Je, niandike kwamba wamepona kumi na wawili, idadi ninayoiamini kwa dhati ingawa sina ushahidi wowote, au niwashtaki wagonjwa wangu kwa uongo?

Wako mtiifu,
Bingwa Asiyeponya

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mwanangu. Sentensi yako ya pili nimeisoma kwa awamu tatu, na nilihitaji hilo zoezi lako la pumzi ili niifikie nukta. Ukiiandika ripoti hivyo, mkuu wako atasinzia, na huyo angalau utamhesabu.

Sasa nisikilize. Hao watoto hawajakuzidi akili. Wewe ndiye uliyewatungia kanuni ya kuongopa, ukaitia na fremu. Mtu amelala kifudifudi, mabega yamelegea, halafu unamwambia kwamba akisema kweli atashuka. Nani ashuke? Hata mimi nisingeshuka. Na usingizi wa saa nane mchana unautakia nini? Mtu aliyekoroma dakika arobaini mchana, usiku ana haki ya kukodoa macho, kwa hiyo huenda wachache wao hawakudanganyi hata kidogo. Akianza kukoroma, mwamshe. Makofi yako utayapata kwingine.

Hao kumi na wawili wafute kichwani. Ukianza kazi kwa kupika ripoti, utapika mpaka ustaafu. Mashtaka nayo uyaache.

Ling'oe tangazo leo. Mpe kila mwanafunzi siku sita, amepona hajapona, na tangu siku ya kwanza mfundishe kuikanda shingo yake kwa mikono yake mwenyewe na kuvuta pumzi akiwa kitandani kwake, ili akiondoka aondoke na tiba yake. Profesa ameshakula siku zake na za wajukuu zake, na kesho nafasi hiyo ni ya yule binti, kabla hajamfanyia mtu mtihani wa mwisho. Ukimaliza nenda kwa mkuu, umwambie, "Nilipima vibaya, na hivi ndivyo ninavyosahihisha." Mwambie na kwamba wewe si daktari. Hatashangaa, ndiye aliyekuajiri.

Ushahidi nao usiutafute kwenye fomu. Watafute wanaolala nao chumba kimoja. Anayejua nani analala ni yule anayenyimwa usingizi na mkoromo wake. Waalike zahanati, mkuu aketi mbele, kila mmoja aeleze anachokisikia usiku, nawe andika idadi itakayotoka, hata ikiwa ni watatu. Watatu wa kweli wanatosha kukiokoa chumba. Wagonjwa wenyewe usiwaite, maana watakuwa katika ule usingizi ambao hawaupati.

Bahasha yako ina muhuri wa zahanati, kwa hiyo nimeshampigia mkuu wako simu, na amekubali kuja kuwasikiliza. Ijumaa hii, saa nane kamili mchana.