Kwa Baba Evarist Margwe, Aliyelisha Maduka ya Tumati na Masieda

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukulaze kule nyumbani Tumati, na hapa Katesh watu bado wanatuita "wale wa Evarist wa jumla".

Ulianza na baiskeli. Ulifunga katoni za sabuni na chumvi kwenye keria, ukapanda nazo milima hadi kwa wenye vibanda ambao gari lilikuwa haliwafikii. Baadaye ukapata gari, ukafungua duka la jumla karibu na stendi: sukari, mafuta ya kula, unga wa ngano, viberiti. Mvua kubwa zikikaribia, mzigo wa Masieda ulitangulia kabla barabara haijakatika. Wa mjini walisubiri. Mchele uliupima kwa kutafuna punje mbichi, na kila mwenye duka ulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Tope lililoporomoka mlimani lilipoingia mtaa wa Jorodom, hapa Katesh, ulifungua milango ya ghala ukawaambia watu wachukue maji, unga na sabuni. Mdogo wako, uliyemweka kuwa msimamizi wa ghala, alikufokea mbele yao: "Kaka, huu ndio wakati wa kupandisha bei!" Ulimjibu, "Nenda kanawe uso." Jorodom nzima inalikumbuka jibu hilo.

Kisha figo zikakulaza hospitalini, na hukurudi.

Siku ya mazishi mdogo wako alilia kuliko sisi wote, hadi wanaume wakamshika mabega. Kumbe muda huohuo fundi wake alikuwa Katesh anabadilisha makufuli ya duka. Matanga yalipokwisha, Mama alifika dukani, funguo zake zikagoma. Mdogo wako akatoka, akamwambia mbele ya wapakiaji, "Shemeji, biashara siyo kazi ya wajane. Rudi Tumati ukalime."

Watu walitushauri twende mahakamani. Mama alikataa. "Mahakamani nitapewa kuta," alisema. "Mimi nataka wateja wake wote."

Idd, dereva wako, alimrudishia mdogo wako funguo za gari mkononi: "Mimi niliajiriwa na Evarist, mzee." Tukauza ng'ombe, tukapanga chumba Jorodom, tukakodi gari. Mdogo wako alikuwa ameshaacha kupeleka mzigo Masieda, eti barabara inammalizia matairi. Mama na Idd wakaanzia hukohuko. Gari likikwama, walishuka wakasukuma na wenye maduka. Masieda wakawa wetu, Tumati wakafuata, mwisho na wa stendi. Malori ya viwandani yakaanza kupita mlangoni kwake bila kusimama, yakija kushusha kwetu. Sukari yake iliganda kwenye magunia. Sisi wanao tulikuwa tukipita pale makusudi, polepole, tukitazama ndani.

Juzijuzi alikuja. Tulimwamkia shikamoo, maana ulitulea hivyo. Kiti hatukumpa.

"Shemeji," alisema, "sisi ni damu moja. Tuunganishe maduka."

Mama hakuacha kushona mdomo wa gunia. "Kama unataka sukari, foleni inaanzia nje."

Akapanga foleni, Baba! Kwenye jua, nyuma ya wenye vibanda aliowatelekeza, na hakuna aliyempisha. Tulifurahi, na hatuoni aibu kulisema hapa gazetini.

Paroko alimsihi Mama asamehe. "Nitasamehe, Padre," alijibu. "Ila bado sijamaliza." Mkataba wake wa pango wa duka la stendi unaisha mwaka huu, na mwenye jengo ameshakuja kuongea na Mama.

Tunajua wewe ungemhurumia. Wewe ulikuwa mpole kuliko sisi, na upole wako yeye aliugeuza ngazi. Utusamehe kwa hilo, lakini hatutarudi nyuma.

Wiki hii alimtuma jirani aombe jina lake liwekwe kwenye tangazo hili, kama ndugu yako wa tumbo moja, ili watu wasimseme kanisani. Tumekataa.

Wanaokukumbuka ni mkeo Efrazia; wanao Marieta, Alfredi na Judica; dada yako Severina; wajukuu zako; na wenye maduka wa Tumati na Masieda. Nafasi ya mdogo wako tumempa Idd, dereva.

Pumzika, Baba. Hatutakusahau kamwe. Na yeye hatutamsahau.