Cheti cha Dada

Jumatatu, 3 Machi
Karani wa utumishi kaja na barua kwenye chumba chetu cha kushonea, hapa hospitalini. Eti mwezi ujao natimiza sitini, nistaafu. Sitini! Nina hamsini na saba! Fundi Mkasi, anayenikatia mashuka ya wodi, kacheka mpaka kakaa chini: eti ndiyo maana nanuna ovyo, ni uzee. Nikacheka naye. Kisha nikaenda chooni nikalia. Cherehani ile naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Jumanne, 4 Machi
Kosa ni la Mama. Dada yangu alifariki kabla hata hajatambaa. Miaka mitatu baadaye nikazaliwa mimi, nikapewa jina lake — na cheti chake cha kuzaliwa. Cheti kipo, jina ni lilelile, foleni ya nini tena? Basi nikaanza shule na miaka minne, kwenye karatasi nina saba! Mwalimu alidhani nimedumaa.

Alhamisi, 6 Machi
Karani anasema inarekebishika. Mama aje aape kwamba cheti si changu, kifutwe, nipewe kipya. Nimemwambia Mama nikiwa namsuka. Akauliza: kwani hamsini na saba na sitini zina tofauti gani, mvi si zilezile! Nikamvuta nywele kidogo. Kanichapa kofi mkononi.

Jumamosi, 8 Machi
Mama hataki. Tumenuniana tangu asubuhi. Mchana kaniita jikoni, kasema bila kuniangalia: kila mwaka mkila keki ya kuzaliwa kwako, mimi nilikuwa nahesabu miaka ya yule. Hana picha, hana kaburi la kuonekana. Cheti kikifutwa, atakuwa hajawahi kuzaliwa.

Sikujua. Miaka yote hii namtania kwamba kasahau siku yangu! Nampenda mama yangu. Nimemwambia basi, nitastaafu, yaishe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemkuta Mama kavaa gauni la kutokea, mkoba kwapani. Twende, usinicheleweshe.

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya vyeti. Mama yuko ndani, mlango wazi. Karani wa hapa ni kijana mpole. Kamuuliza:

"Bibi, binti yako ana miaka mingapi?"

"Yupi?" kasema Mama.

Karani kaacha kuandika, kageuka kunitazama. Mama yeye kavuta kiti mbele, anaanza kumhesabia binti zake kwa vidole, kuanzia wa kwanza.