Sarafu Hushikwa Ukingoni

Mdogo wangu,

Huna haya hata kidogo. Mtu uliyekula mezani kwake tangu hujaota ndevu, leo unamtuma mweka hazina aje kumwambia asikanyage tena kwenye chama chenu cha wakusanya sarafu? Wewe miguu ilikuwa imevunjika? Shikamoo yako nitaipokea, lakini marahaba usiitegemee iwe na sukari. Sisi ni wazima, uzima wa kujikokota. Goti langu ni lile lile. Natumaini wewe na wifi yangu hamjambo, na watoto pia. Wao hawana kosa.

Mweka hazina wako alikaa hapa sebuleni, akanywa chai yangu birika zima, ndipo akatoa yaliyomleta. Alisema kwenye maonyesho shemeji yako alipewa sarafu adimu ya daktari mmoja, akaipapasa uso kwa dole gumba mpaka ikabaki na doa, na si mara ya kwanza. Alisema ameonywa akawa kaidi. Kamati itakaa Jumamosi kulifuta jina lake, kwani kanuni ni kanuni. Nikamuuliza kanuni hiyo kaizaa nani. 

Basi nikukumbushe, maana naona hicho kiti cha mwenyekiti wa taifa kimekupanda kichwani. Chama hakikuzaliwa kwenye ukumbi wenye makabati ya vioo. Kilizaliwa kwenye kibanda cha fundi saa. Pesa zilipobadilishwa, watu wakawa wanaleta saa mbovu pamoja na sarafu zisizonunua hata kiberiti, na mume wangu, mtu asiyejua kusema hapana, anapokea tu. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia nimeolewa na jaa la vyuma. Yeye anazikodolea kwa kile kioo chake cha jicho kama anatazama mtoto mchanga. Akaja muuza nyama wa jirani, kumbe naye ana zake ndani ya soksi. Ukaja wewe, uliyekuja kuomba nauli ukabaki. Kila Jumamosi mkajaza sebule yangu, nami nazungusha chai kama mtumishi asiyelipwa.

Na hiyo kanuni, aliyeileta ni muuza nyama. Alishika sarafu kwa vidole vilivyojaa mafuta ya mbavu. Shemeji yako akamtoa nje akanawe kwa sabuni kama mtoto, kisha akarudi akatutangazia sote: sarafu hushikwa ukingoni, uso wake hauguswi, jasho la mtu linakula chuma. Muuza nyama alinuna, lakini baadaye yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwakemea wengine. Kanuni hiyo ndiyo mliyohama nayo mlipopanga chumba nyuma ya kiwanda cha uchapaji, mkaipeleka kwenye matawi ya miji mingine, na siku serikali ilipowaandikisha kuwa chama cha taifa mkaiweka mwanzo wa katiba yenu. Siku hiyo shemeji yako alivaa suti ya harusi yetu. Ilimbana mpaka akawa anapumua kwa zamu. Hakujali.

Huyo ndiye mnayesema hajui kanuni.

Mdogo wangu, nimechoka. Alinikataza nisimwambie mtu, nikaapa, na leo navunja kiapo, Mungu ataamua. Shemeji yako haoni. Sisemi haoni vizuri, haoni. Lilianza jicho la kazi, la pili likafuata. Alipofunga kibanda alisema mikono inatetemeka, mkamwamini, na mikono ile imetulia kuliko yangu. Juzi alilisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza mbona limenuna. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha kicheko kikanikatika. Tukitoka namtangulia nikijifanya mwenye haraka, ili afuate mlio wa viatu vyangu. Nikihamisha kiti nikasahau kumwambia, anajigonga na kunyamaza. Jua likizama mwili wote unaniuma, kwa sababu macho yangu yanafanya kazi ya watu wawili.

Kwenye maonyesho walimtia sarafu mkononi wakamuuliza anaionaje. Afanye nini? Jicho lililobaki ni dole gumba. Mweka hazina wako alipomaliza maneno yake nilifungua mdomo nimwambie ukweli, mzee akaniminya mkono nisiseme. Akajibu kwamba kamati ina haki, kanuni aliitunga mwenyewe na mwenyewe kaivunja. Afadhali aitwe kaidi kuliko kipofu, ndivyo alivyo. Lakini tangu siku hiyo hajauliza tena Jumamosi ni lini.

Wifi yangu msalimu sana, mwambie kile kitambaa kilinitosha. Watoto wabusu.

Sasa sikiliza, na uache ubishi wa kiti. Kabla kamati haijakaa, daktari umwombe radhi wewe. Ndiyo kazi ya mwenyekiti. Jumamosi asubuhi uje mwenyewe, kwa miguu yako. Usimwambie nimekuambia. Mwambie wanachama wapya wanataka kusikia chama kilivyoanza, na hakuna mwingine wa kuwaeleza. Zile sarafu zilizosagika hata sura hazina, ambazo haziwezi kuharibika zaidi, mjazie sinia mbele yake azipapase apendavyo. Na mkiingia ukumbini mpe mkono aushike, kama mnaopiga soga, kisha msalimie kila aliyeketi, mmoja mmoja, kwa jina, kwa sauti kubwa, ili ajue nani yuko wapi.

Dada yako